Je, Wajua? Tapeti kava huvuja pia kwa kukazwa mno

Boliti za tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, hazitaki nguvu nyingi. Katika magari mengi madogo hufunguliwa kwa spana namba 10 na hukazwa kwa nyutonimita 8 hadi 12 hivi, ilhali nati za tairi hufika 100. Boliti za kava zikivutwa kwa mpini mrefu, kifuniko cha bati hupinda kati ya boliti na boliti, na gasketi ya mpira hubanwa hadi ikachomoka. Oili hupenya hapo, ikadondokea ekzosi ya moto, na harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari.

Wakati wa kufunga gasketi mpya, kwanza hufutwa oili na mabaki yote ya gasketi ya zamani. Silikoni ya kupaka kila mahali haifidii uchafu. Boliti huanzishwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa awamu mbili au tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo. Kiwango kamili kimo katika kitabu cha injini husika. Boliti yenye kituo ikishagota, basi. Kuilazimisha hung'oa meno ndani ya hedi ya alumini, na kuyarudisha ni ghali kuliko gasketi.