SAMAKI ATAGAYE MAYAI MCHANGANI

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Bayolojia alitueleza habari za samaki mdogo aitwaye grunioni, ambaye hutoka baharini akataga mayai yake mchangani. Mimi, mzaliwa wa pwani, nilinyosha mkono nikasema kwamba samaki huyo ni mjinga, kwani kesho yake maji yakijaa yatayachukua mayai yote. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaniambia nikatafute jibu mwenyewe.

Grunioni anaishi katika pwani ya California, huko Marekani, na upande wa Meksiko ulio kusini yake. Urefu wake ni kama sentimita 15 tu. Tangu Machi hadi Agosti, katika usiku tatu nne zinazofuata mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiisha kujaa na kuanza kupwa, samaki hawa hupanda ufukoni pamoja na mawimbi, pengine kwa maelfu, hata mchanga ukang'aa kama fedha. Jike huchimba kwa mkia wake akajizika nusu, kichwa juu, akataga. Madume humzunguka wakamwaga mbegu zao, nazo huteremka mchangani mpaka kwenye mayai. Kazi yote yaweza kwisha kwa nusu dakika, na wimbi lijalo humrudisha jike baharini.

Na yale mayai je? Hapo ndipo nilipokwama, hata nikaenda likizo nikamsimulia babu, ambaye amekuwa mvuvi tangu ujana wake. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Wanataga kabla ya bamvua au baada yake?"

Nikamjibu, "Baada yake, Babu."

"Basi mjinga ni nani, mjukuu wangu? Maji ya bamvua yakiisha kufika kileleni, ya leo hayafiki yalipofika jana, na ya kesho hayatafika ya leo, mpaka maji mafu yapite."

Na ndivyo ilivyo. Mayai hukaa katika mchanga wenye unyevu, mawimbi hayayafikii, na kwa muda wa siku 10 hivi vitoto huwa tayari. Lakini havitoki! Hungoja bamvua nyingine. Mawimbi yakiufukua mchanga na kuyatikisa mayai, huanguliwa kwa dakika chache tu, vitoto vikaenda na maji. Mawimbi yasipofika, vyaweza kungoja majuma mawili zaidi.

Grunioni hupevuka akiwa na umri wa mwaka mmoja, na wachache ndio wapitao miaka mitatu.

Watu wa huko nao wanazijua siku hizo, wakaja na ndoo zao. Kwa hiyo mwaka 1927 serikali ilikataza kuwavua tangu Aprili hadi Juni. Miezi mingine ni ruhusa, lakini kwa mikono mitupu, wala si ruhusa kuchimba shimo la kuwatega.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu jibu. Aliandika ubaoni maneno ya babu, nasi tukayanakili katika madaftari yetu.