Kabla ya Tiketi, Pitia Zahanati

Kijana wa Garsen aliyealikwa na rafiki yake Muscat au Hamburg hupewa mashauri mengi kabla hajafunga sanduku. Ataelezwa habari za viza, koti zito, bei ya tiketi, na hata kama maembe ya nyumbani yataruhusiwa kupita forodhani. Afya, ikitajwa, hutajwa kama hofu ya kule aendako: baridi itamwingia kifuani, chakula kitamkataa. Hofu hiyo ina msingi wake, ila imeelekezwa pasipo. Kwa anayetoka delta ya Mto Tana, swali la kwanza la kiafya ni kitu gani anaondoka nacho mwilini, na swali hilo halijibiwi usiku wa kuamkia safari. Ndiyo maana zahanati inafaa kumtangulia wakala wa tiketi.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2004, mwendo wa saa chache tu kutoka Garsen, mji wa Lamu uliingiwa na chikungunya, homa ya virusi inayokaza viungo hadi mgonjwa ashindwe kuinuka kitandani. Ulikuwa wakati wa ukame, na katika nyumba nyingi maji yaliwekwa muda mrefu kwenye mapipa na mitungi bila kumwagwa. Humo ndimo anamotaga Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana na hivyo hazuiwi na chandarua cha usiku. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba wakazi watatu kati ya kila wanne waliambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa, na mapema 2005 ukawa Comoro. Ukavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi ya watu waliugua, na huko virusi vikabadilika kiasi cha kumpata mbebaji mwingine hodari, Aedes albopictus, mbu anayeweza kuishi hata Ulaya. Ugonjwa ukaenea hadi India pia. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India kwenda kuwaona jamaa zake katika kijiji cha Castiglione di Cervia, Italia, alishikwa na homa akiwa huko, mbu wa kijijini wakamuuma, na zaidi ya watu 200 wa eneo lile wakaugua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Virusi havikuusikia msemo huo.

Mlolongo huo wote ulitegemea jambo dogo: mtu kusafiri katika siku zile chache ambazo virusi vimejaa damuni mwake. Chikungunya na dengi hupatikana kwa wingi kwenye damu kwa takriban wiki moja tangu homa ianze. Kwa hiyo homa inayokushika siku nne kabla ya ndege ni sababu ya kupimwa, na ikibidi kuahirisha safari, hata kama tiketi ina faini. Kwa mfugaji, uangalifu huo una uzito zaidi. Homa ya Bonde la Ufa iliyozuka mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, ilizipiga Garissa na Tana River, na wengi waliambukizwa kwa kuchinja au kuzalisha mifugo iliyokuwa mgonjwa. Aliyeshughulika na mnyama aliyetupa mimba kisha akapata homa amweleze hivyo mhudumu wa afya. Asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Malaria nayo ina njia yake. Mtu mzima aliyekulia Ngao, Oda au Tarasaa huenda ameumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na mwili wake ukajifunza kuvidhibiti bila kuvimaliza. Anaweza kutembea navyo akijiona mzima, kisha homa ikamwamkia wiki kadhaa baadaye akiwa Hamburg. Wenyeji wake hawako hatarini sana, kwa kuwa malaria haiambukizwi kwa kupeana mkono wala kulala chumba kimoja. Aliye hatarini ni yeye. Hapa kuna pingamizi la haki: si hospitali za kule ni bora kuliko zetu? Vifaa ni bora, naam, lakini mganga wa Garsen akiona homa hufikiria malaria kabla mgonjwa hajakaa kitini, ilhali daktari asiyeiona kwa miezi huanza na mafua. Plasmodium falciparum, aina iliyotapakaa kwetu, yaweza kumfikisha mtu ukingoni mwa kaburi ndani ya siku chache. Dawa ya kwanza ya ucheleweshaji huo ni kusema, "Nimetoka Kenya, nipimeni malaria," kwa homa yoyote itakayotokea katika miezi 3 baada ya kuondoka. Kupimwa kabla ya safari kunafaa, na atakayekutwa na vimelea amalize dozi. Lakini kipimo cha haraka hukosa vimelea vikiwa vichache, kwa hiyo jibu la "huna" lisimfanye anyamaze akiugua ugenini. Bima ya safari, ambayo viza ya Schengen inataka iwe ya angalau yuro 30,000, ipo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ubishi mkubwa zaidi huzuka kuhusu homa ya manjano. Mkazi wa Tana River atasema ugonjwa huo kwao haupo, na ana hoja: Shirika la Afya Duniani linaliweka eneo la pwani ya Kenya miongoni mwa yale yenye uwezekano mdogo wa maambukizi. Lakini afisa wa Muscat hasomi kaunti, anasoma nchi. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari, na mlipuko wa Isiolo wa mwaka 2022 ulionyesha kwa nini. Oman na Saudia hudai kadi ya chanjo kutoka kwa anayewasili kutoka nchi kama hizo, wakati Ujerumani na Uingereza hazidai. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, muda ambao mwili wa mtu huhitaji kutengeneza kinga, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Jina lililoandikwa lilingane na la pasipoti, na muhuri wa kituo pamoja na namba ya toleo la chanjo viwepo. Wapo wanaonunua kadi bila kuchomwa sindano. Wamenunua karatasi, kinga hawana. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo mwenye kinga iliyopungua sana, mwenye mzio mkali wa mayai na aliyevuka miaka 60 wahitaji ushauri kwanza. Anayekusudia kuunganisha ziara ya Ghuba na umra ahesabu pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo angalau siku 10 kabla ya kufika.

Kuna atakayeona makala haya yanamchora Mwafrika kama mfuko wa magonjwa. Lawama hiyo ingestahili kama uangalifu ungedaiwa kwake peke yake. Chikungunya iliruka kutoka bandari hadi bandari kwa miili ya watu wa kila rangi, na watalii wa Ulaya waliokuwa Réunion waliirudisha kwao vilevile. Isitoshe, wa kwanza kunufaika na kipimo ni anayepimwa.

Siku zote za vipimo na chanjo zilizotajwa hapo juu zinahesabika kutoka Garsen, si kutoka Nairobi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliwatenga watu wa Tana River na barabara zao, na ya 2024 yakarudia. Atakayelazimika kwenda Malindi au Mombasa kutafuta chanjo ajipe mwezi mzima au zaidi.

Uangalifu huu unamhusu pia anayekuja kwetu. Nchini Uingereza, wagonjwa wengi wa malaria ni wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea jamaa na marafiki, na wengi wao hawakutumia dawa za kinga. Ile kinga ya utotoni hufifia mtu akikaa miaka mbali na mbu wetu. Kwa hiyo rafiki yako atakaporudisha ziara Garsen, mwambie amwone daktari kabla ya kuja, alale ndani ya chandarua, na aendelee na dawa za kinga hata baada ya kurejea kwake, kwa siku zote atakazoandikiwa.