"Ukusanyaji Taka" au "Urejeshaji Nafasi"? Istilahi na Gharama ya Kuunda Vitu katika Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo mfasiri huzipita upesi akidhani hazina matata ni ile ya Kiingereza ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, hutupa "ukusanyaji wa taka". Tafsiri hiyo hujileta yenyewe, na haina kosa la sarufi. Hata hivyo, humpotosha mwanafunzi juu ya jambo lile lile inalolitaja, nalo ni gharama ya kuunda vitu.

Katika lugha ya C, mwandishi wa programu huomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, huitumia, kisha ni juu yake kuirudisha. Akisahau, nafasi hiyo hukaa bure. Akiirudisha kabla ya wakati, programu huharibika. Katika lugha kama Java, iliyotolewa mwaka 1995, mzigo huo ameondolewa. Yeye huunda vitu tu. Mfumo unaoendesha programu ndio unaotafuta vitu visivyoweza kufikiwa tena na kuitwaa nafasi yao. Lugha za namna hii nitaziita hapa "lugha zenye msimamizi". Nasema "kuunda" wala si "kuumba", kwa kuwa hakuna kinachotoka katika utupu: kama vile jahazi huundwa kwa mbao zilizopo, kitu cha programu huundwa kwa nafasi iliyopo, na nafasi ina mpaka.

Mbinu hii ilianza na lugha ya LISP, kazi ya John McCarthy huko Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1960 aliueleza utaratibu wote bila kulitumia jina la taka, ingawa, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, yeye na wenzake walikwisha kuliita hivyo katika mazungumzo yao. Katika makala alitumia neno lenye maana ya kurejesha. Wakati huo kazi hiyo ilichukua sekunde kadhaa, na jina la mzaha halikuwa mbali sana na ukweli: mfumo uliweka alama kwenye vyote vilivyo hai, kisha ukapita kumbukumbu nzima ukiokota visivyo na alama.

Lakini mbinu hazikubaki pale. Mwaka 1970 C. J. Cheney alieleza njia nyepesi ya kunakili: kumbukumbu hugawanywa sehemu mbili, na sehemu moja ijaapo, vitu vilivyo hai huhamishiwa ya pili vikapangwa kwa kufuatana. Hapa taka haiguswi kabisa. Mfano wake ni mpangaji anayehama nyumba. Huchukua vyombo anavyovihitaji na kuacha mengine yote. Uchovu wake hupimwa kwa mizigo aliyobeba, si kwa makaratasi aliyoyaacha sakafuni. Mwaka 1984 David Ungar, akishughulika na lugha ya Smalltalk, alijenga juu ya jambo lililokwisha kuonekana katika programu nyingi, kwamba vitu vingi hufa vikiwa vichanga. Vitu vipya vikatengewa eneo lao dogo linalohamwa mara kwa mara, na vichache vinavyodumu vikapelekwa eneo la wakongwe.

Basi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila kitu anachokiunda ni taka ya kesho itakayozolewa kwa jasho, hujibana. Huweka akiba ya vitu vya zamani ili avitumie tena, asiunde vipya. Mara nyingi hujiletea hasara aliyoikimbia, maana vitu vya akiba hudumu, huingia eneo la wakongwe, na msimamizi hulazimika kuvifuata kila anapolikagua eneo hilo. Kuunda kitu kipya katika eneo la wachanga kwa kawaida ni kusogeza mbele alama ya mahali nafasi tupu inapoanzia, na kuandika humo maelezo machache.

Sisemi kwamba kuunda ni bure. Katika mfumo wa kawaida wa Java, namba nzima iliyoandikwa peke yake huchukua baiti 4. Ikivishwa umbo la kitu huchukua baiti 16, kwa sababu kila kitu hubeba kichwa cha maelezo yake. Safu ya namba milioni moja hutaka baiti milioni 4. Zikiwa vitu, hufika milioni 20 pamoja na vielekezi vyake. Kadhalika, anayeunganisha maneno mamoja mamoja ndani ya mzunguko mrefu huunda matini mpya kila mara, akinakili yote yaliyotangulia. Na eneo la wachanga likijaa upesi, uhamaji huja upesi, na katika mifumo mingi programu husimama kidogo kuungojea.

Kwa hiyo napendekeza "urejeshaji nafasi". Hutaja tokeo, ambalo ni moja katika mbinu zote, bila kudai kwamba kuna taka inayozolewa. Ofisa anayesoma maelezo ya mfumo unaokusudiwa kununuliwa ataelewa pia kwamba ni nafasi inayorudi, asije akadhani ni kumbukumbu za ofisi zinazotupwa. "Ukusanyaji taka" libaki katika kamusi kama kisawe. Ama kwa maeneo yale mawili, naona "wachanga" na "wakongwe" yanafaa kuliko "kizazi cha kwanza" na "kizazi cha pili", kwani kitu kinachohamishwa hakikuzaliwa na kingine: ni kile kile, kimeishi zaidi tu.