Mitukutiko Itokanayo na Upungufu wa Chumvi za Damu

Mtu mzima ambaye hajapata kuanguka maishani mwake, akianguka ghafula, akakakamaa na kutukutika huku povu likimtoka kinywani, aghalabu watu humhukumia moja kati ya mawili: ama ana kifafa, ama amepagawa; na aangukaye akiwa mtoto mdogo, husemwa ni degedege, ambalo wazee wa pwani walilinasibisha na shetani mwenye umbo la ndege. Lakini lipo jambo la tatu, nalo halidhihiriki ila kwa kupima damu: huenda chumvi zilizoyeyuka damuni, yaani sodiamu, kalsiamu na magnesiamu, zimepungua kupita kiasi.

Magnesiamu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Takriban yote imo mifupani na ndani ya chembechembe za mwili, na katika maji ya damu haifiki hata sehemu moja katika mia, hata kipimo chaweza kuonyesha salama ilhali akiba imekwisha. Ubongoni huziba vijia ambamo chembe za neva husisimuliwa, na ikiadimika, neva hufyatuka ovyo, nyingi kwa pamoja. Kiwango chake cha kawaida ni kama milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita, kikikaribia 0.4, mitukutiko si ajabu.

Dalili hutangulia, hapa na hata kalsiamu inapopungua: ganzi ya vidole, misuli kukaza. Armand Trousseau, tabibu wa Kifaransa wa karne ya 19, ametuachia jaribio lisilohitaji maabara, nalo siku hizi hufanywa kwa kumfunga mgonjwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, kuujaza upepo hata upite kipimo chake cha juu, kisha kungoja dakika 3. Kalsiamu ikiwa pungufu, kifundo cha mkono hujikunja, gumba likaingia kiganjani, na vidole vingine vikanyooka na kubanana, mithili ya mkono wa mkunga anayezalisha.

Kinachoipoteza magnesiamu ni kuhara kwa muda mrefu, ulevi, dawa za kukojosha, na, kwa maoni yangu jambo linalostahili kutazamwa sana, dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, ambazo wengi wetu hujinunulia dukani kwa ajili ya kiungulia, pakiti baada ya pakiti, pasipo cheti cha daktari. Mwaka 2011 idara ya Marekani inayosimamia dawa ilionya kuwa zikitumiwa muda mrefu, hususan kupita mwaka, zaweza kuishusha magnesiamu. Na kwa yapata robo ya wagonjwa walioripotiwa, kuongezewa magnesiamu hakukufaa mpaka dawa yenyewe ilipoachwa.

Magnesiamu ikishuka sana, huivuta na kalsiamu, na tabibu aweza kummiminia mgonjwa kalsiamu isikae, na dawa za kifafa zisifue dafu, maadamu magnesiamu haijarudishwa. (Kifafa cha mimba ni mlango mwingine: mama hupewa magnesiamu salfeti ijapokuwa damu yake haikupungukiwa, na utafiti uliotangazwa 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa hatari hupungua kwa zaidi ya nusu.)

Sodiamu nayo humpungukia mtoto anyweshwaye maziwa ya kopo yaliyozidishwa maji, au mkimbiaji wa mbio ndefu anayekunywa maji matupu kupita haja. Hapo hupewa maji ya chumvi kali kidogo, kiasi cha kukomesha mtukutiko, kisha kupanda kwake hudhibitiwa, aghalabu kusizidi milimoli 8 hadi 10 kwa lita kwa siku. Kwani sodiamu iliyoshuka kwa muda mrefu, ikipandishwa kwa pupa, huharibu utando wa neva katika shina la ubongo, na mgonjwa aliyeokolewa na mitukutiko akapoteza usemi na nguvu za viungo.