Likizo ya baridi Vugiri: Mablanketi ndiyo, jiko la mkaa chumbani hapana

SHULE zikifungwa mwezi Juni, swali la watoto huwa ni lilelile: mwaka huu tunakwenda wapi? Kwa familia nyingi za Tanga, Korogwe na hata Dar es Salaam, jibu limekuwa kwa bibi, na mfuko ukiruhusu, ufukweni. Sasa wapo wazazi ambao badala ya kushuka baharini wanapanda milimani. Wanataka watoto waone ukungu asubuhi, wavae sweta na walale bila feni.

Watoto wenyewe wanataka zaidi ya hapo. Wameona kwenye katuni watu wakiteleza kwenye theluji na wanauliza theluji yetu iko wapi. Ya kwetu iko kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko hapelekwi mtoto wa chekechea. Ukitaka kuteleza bila kutoka Afrika, utakwenda Lesotho, ambako Afriski iko zaidi ya mita 3,000 na hutumia mashine kuongeza theluji msimu wa Juni hadi Agosti, au Oukaïmeden kule Morocco. Mkenya Philip Boit alishindana kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano mwaka 1998, na kabla ya hapo ilibidi apelekwe Finland kujifunza. Nauli ya familia ya watu watano kwenda huko sitaki hata kuipiga hesabu.

Kwa hiyo tunabaki na Usambara, na kwa mzazi wa kipato cha kawaida si haba hata kidogo. Nilipanda Vugiri, wilayani Korogwe, pamoja na dada yangu na wanawe wawili, wa miaka saba na wa miaka mitatu. Ukiwa Korogwe mjini, kwenye takriban mita 300, unatoka jasho. Ukipanda mpaka maeneo ya mashamba ya chai, kwenye takriban mita 1,000, mwili unahisi tofauti kabla hata hujashuka kwenye gari. Kanuni ya hewa ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi sita. Ongeza upepo na ukungu wa Juni, na mtoto aliyezoea joto la Magomeni atakwambia amefika Ulaya.

Cha kufanya kule ni kutembea. Hakuna bwawa lenye mitelezo wala michezo ya umeme. Kuna njia za miguu katikati ya chai, kuna msitu, na kuna vinyonga, ambao kwa mtoto wa miaka saba wanatosha kumaliza siku nzima. Milima hii ndiyo asili ya ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani Tanga. Mpwa wangu alipoambiwa hivyo aliuliza kama tulilipwa.

Wageni niliozungumza nao kwa siku tatu walisifu mambo yanayofanana: utulivu, chakula cha moto na watoto kulala mapema. Malalamiko nayo yalifanana. Barabara ya kupanda ina kona nyingi na karibu kila gari lilikuwa na mtoto aliyetapika. Hilo lina nafuu yake. Mpe mtoto chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kupanda, si chai ya maziwa na sambusa mlangoni mwa gari. Mkalishe mahali anapoona mbele, fungua dirisha, na mnyang'anye simu, kwa sababu macho yakitulia kwenye skrini wakati mwili unayumba ndipo kichefuchefu kinapoanza. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi, usiwe chini ya mabegi.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya halihusu barabara.

Usiku wa pili baridi ilikuwa kali. Familia iliyolala chumba cha jirani, baba, mama na watoto watatu, waliomba jiko la mkaa ili chumba kipate joto, nao wakaletewa. Mkaa ulikuwa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi, na kwa sababu hauna moshi wakaamini hauna madhara. Wakafunga madirisha, wakaziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo, wakalala. Alfajiri yule mtoto mdogo alitapika. Wa pili akalia kichwa kinamuuma. Mama alisimama akayumba. Baba alidhani ni chakula cha jioni, halafu akadhani ni malaria. Kilichowaokoa ni kwamba alifungua mlango ili atoke kutafuta maji, hewa ikaingia, na walipokaa nje kwa muda kila mmoja akaanza kupata nafuu. Walipelekwa kituo cha afya asubuhi hiyohiyo, na nashukuru Mungu walirudi wote watano wakiwa wanatembea.

Sitaitaja nyumba hiyo ya wageni, kwa sababu tabia hii si yake peke yake. Nimeiona Lushoto, nimeisikia Njombe, Makete na Mbeya. Wapo wanaoifanya majumbani kila mwaka wakati wa baridi, na kila mwaka kuna familia ambazo haziamki.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu na haikwarui koo, kwa hiyo mtu aliyelala haamki akikohoa kama ambavyo angeamshwa na moshi. Ikiingia kwenye mapafu hupita kwenye damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingeshika, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Watoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo mara nyingi ndio wanaoanza kuumwa. Mjamzito anapaswa kuogopa zaidi, kwa sababu aliye tumboni huathirika hata pale mama anapojiona yuko sawa.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Ukizisoma moja moja utasema malaria. Kinachoitofautisha ni watu wengi wa chumba kimoja kuugua kwa wakati mmoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukikuta hali hiyo, fungua milango, watoe watu wote nje kwanza, ndipo ulitoe jiko. Usiwape maziwa ukidhani yanaua sumu, maana sumu hii haiko tumboni. Wapeleke hospitali hata kama wamepata nafuu, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni. Ukifika, mwambie mhudumu waziwazi kuwa mlilala na jiko. Hili ni muhimu, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu.

Nimeulizwa kama kuacha dirisha moja wazi kidogo kunatosha. Hakutoshi, na sipendi kulijibu hilo kwa lugha laini. Jiko la mkaa halilali chumbani na watu, liwe limekolea au linaelekea kuzima. Baadhi ya nyumba za zamani za milimani zina mahali pa kuwashia moto ukutani penye dohani. Hapo ni tofauti, mradi dohani iwe safi na haijazibwa na viota vya ndege, na moto uzimwe kabla ya kulala. Uliza lini lilisafishwa mara ya mwisho. Mhudumu akicheka, lala na blanketi.

Na blanketi zinatosha. Mvalishe mtoto nguo mbili au tatu nyepesi badala ya koti moja zito, soksi kavu, na kofia jioni mkiwa nje. Nguo alizotoka nazo jasho mchana zibadilishwe kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa inaweza kupasha kitanda kabla hajapanda, kisha itolewe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifunikwe blanketi zito la wakubwa, kwani linaweza kumfunika uso. Joto lake litoke kwenye nguo.

Kuna hatari nyingine ya baridi ambayo wazazi hawaifikirii, nayo ni ndoo ya kuogea. Katika nyumba za bei nafuu maji ya moto huletwa kwa ndoo, yakichemka, yakawekwa sakafuni bafuni. Mtoto wa miaka mitatu huingia kabla yako. Mwambie mhudumu akukabidhi wewe mkononi, tanguliza maji baridi kwenye beseni ndipo uongeze ya moto, na uyajaribu kwa kiwiko. Dada yangu alikuwa akifunga mlango wa bafu kwa kamba, nami niliona ana busara.

Kuhusu nimonia, ambayo ndiyo hofu ya kina bibi wote: baridi yenyewe haileti nimonia. Inaletwa na vimelea, na huenea kirahisi watu wanapojibanza kwenye chumba kisicho na hewa, moshi ukiwemo. Kinga ya kwanza ni chanjo yake, ambayo nchini hutolewa tangu mwaka 2013, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki kabla ya kufunga mabegi. Mkiwa huko, mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Akifikia hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usisubiri likizo iishe. Hospitali ya Magunga iko Korogwe mjini, na ni busara kujua mapema ni gari la nani litakalowashusha usiku.

Mwenye mtoto wa selimundu asikatae safari, ila ajiandae. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, kwa hiyo katika kundi lolote la wageni huenda yupo mmoja. Baridi inaweza kuamsha maumivu makali. Avae vizuri, asicheze kwenye maji ya mto hata akilia, anywe maji mara kwa mara ingawa kwenye baridi kiu haisikiki, na dawa zake zisikatike. Mwenye pumu, kifaa chake cha kuvuta dawa kiwe mfukoni mwa mzazi, kisifungiwe kwenye begi lililo juu ya gari.

Gharama hubadilika, hivyo piga simu mwenyewe. Uliza kama watoto wanahesabiwa kama wakubwa, kama kifungua kinywa kimo kwenye bei, na kama maji ya moto yanalipiwa. Uliza pia blanketi ni mangapi kwa kitanda. Swali hili la mwisho wanalichukulia kama utani, lakini ndilo litakaloamua kama mtu ataomba jiko saa nne usiku.

Limebaki la mbu. Watu husema milimani hakuna malaria. Utafiti uliofanywa Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kweli tofauti kubwa: maambukizi kwenye vijiji vya juu, karibu na mita 1,700, yalikuwa madogo kwa takriban mara 1,000 kuliko bondeni kwenye mita 300. Ila Vugiri haiko mita 1,700, iko katikati, na wageni wengi hulala Korogwe usiku mmoja wakienda au wakirudi. Chandarua chenye dawa kinahitajika sehemu zote mbili. Vimelea vya malaria huchukua siku saba hadi wiki mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mtoto anaweza kuugua akiwa ameshavaa sare za shule. Akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo, na umtajie mhudumu mlilala wapi na tarehe gani.