Mafuta Huisha, Mtambo Hubaki

Kwa miaka mingi biashara ya nishati duniani imekuwa ya vitu vya kuchoma: makaa ya mawe, mafuta na gesi. Meli ikishusha shehena leo, mwezi ujao sharti ije nyingine, nayo hulipiwa upya kwa dola. Sasa nchi nyingi zinanunua mitambo ya kufua umeme badala ya mafuta ya kuiendesha. Kwa nchi isiyo na visima wala akiba nono ya fedha za kigeni, mabadiliko haya ni ukombozi, na Pakistan inatuonyesha sababu.

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na gesi yake kwenda Ulaya ikapungua, Ulaya iligombania gesi iliyogeuzwa kimiminika, inayosafirishwa kwa meli. Bei ikapaa. Pakistan, iliyojenga mitambo kwa kuitegemea gesi hiyo, ilitangaza zabuni Julai mwaka huo isipate muuzaji hata mmoja. Umeme ukakatika, bili zikapanda. Wenye nyumba, wakulima na wenye viwanda wakageukia paneli za sola za China, ambazo bei yake ilizidi kushuka. Mwaka 2024 pekee ziliingizwa paneli za takriban gigawati 17, katika nchi ambayo mitambo yote ya gridi haifiki gigawati 50. Mahitaji ya gesi yakashuka, na nchi iliyoikosa ikaishia kuiomba Qatar iahirishe shehena.

Wapo watakaosema huku ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwani zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli umo mikononi mwa China. Utegemezi huo upo, ila haulingani na ule wa awali. Gesi ikikatizwa, nchi huumia baada ya majuma machache; paneli zikiacha kuuzwa, zilizokwisha kufungwa huendelea kufua umeme kwa miaka 25 hivi, muda unaotosha kutafuta muuzaji mwingine. Pingamizi zito zaidi ni la haki: wenye uwezo wakijitegemea, gharama za gridi huwaelemea wasio na paa wala mtaji. Pakistan tayari inakabiliwa na tatizo hilo. Dawa yake ni mikopo nafuu na kupanga upya bei za umeme mapema, kabla mzigo haujawaangukia wanyonge.

Kwetu Afrika Mashariki hatua inayofuata iko barabarani. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo; Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Hata hivyo mabasi, malori na bodaboda zetu nyingi zinaendeshwa kwa mafuta ya kuagizwa, na bei ikipanda Ghuba, nauli hupanda Mwanza na Kisumu. Ethiopia ilipozuia mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, ilikuwa inalinda fedha zake za kigeni. Si lazima tuige marufuku hiyo, lakini hesabu iliyoizaa inatuhusu: dola inayonunua mafuta huteketea safarini, ilhali inayonunua mtambo huzalisha kwa miaka.