Linux kuiga Windows: ni aibu au ni busara?

MWENYE duka la pembejeo anayefanyia hesabu zake kwenye kompyuta ya mtumba ana gharama mbili. Ya kwanza ni leseni ya mfumo wa kuendeshea kompyuta hiyo. Ya pili haiandikwi kwenye risiti yoyote: siku ambazo karani anazipoteza akitafuta pa kuchapishia ankara kwa sababu vitu vimehamishwa.

Watengenezaji wa Linux wamebishana kwa miaka mingi juu ya gharama hii ya pili. Mfumo huo, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, unapatikana bure katika matoleo mengi, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Swali ni je, uige Windows, au ushike njia yake?

Mwanzoni Linux ilikuwa ya wataalamu wanaoandika amri kwa maneno. Mwaka 1995 Microsoft ilitoa Windows 95, yenye kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa Ujerumani, Matthias Ettrich, alianzisha mradi wa KDE ili Linux nayo itumike na mtu wa kawaida kwa kipanya. Menyu ya KDE ikakaa kona ile ile.

Wanaopinga kuiga husema anayefuata nyayo hatangulii. Hoja hiyo ina uzito, lakini ilipojaribiwa iliwaumiza watumiaji. Mwaka 2011 mradi mwingine, GNOME, ulibadili sura yake yote na kuondoa menyu iliyozoeleka. Manung'uniko yakawa mengi, na watu wa Linux Mint wakatengeneza sura yao, Cinnamon, iliyorudisha menyu chini kushoto. Microsoft nayo haikupona: iliondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8 mwaka 2012, ikakirudisha mwaka uliofuata. Mkono uliozoea hauulizi nani alibuni.

Je, si wizi? Kunakili programu ya mtu na kufuata mpangilio wake ni mambo mawili. Apple iliishtaki Microsoft mwaka 1988 kwa madai kwamba Windows inafanana na kompyuta zake, na ikashindwa. Jina ni jambo jingine. Kampuni iliyouza Linux kwa jina la Lindows ilivutana na Microsoft mahakamani hadi mwaka 2004, ilipokubali kuliacha jina hilo na kulipwa dola milioni 20. Tena kuiga kunakwenda pande zote: meza za kazi zaidi ya moja, ambazo watumiaji wa Linux walikuwa nazo zamani, ziliingia rasmi Windows 10 mwaka 2015.

Tabia za kibiashara ndizo za kuogopwa. Mwaka 2012 Ubuntu, toleo maarufu la Linux, liliweka bidhaa za Amazon kwenye sehemu ya kutafutia mafaili. Karani akiandika jina la faili la madeni, neno hilo lilipelekwa nje ya kompyuta na bidhaa za kuuzwa zikarudi. Lawama zilikuwa kali, na mwaka 2016 jambo hilo likazimwa, mpaka mtumiaji mwenyewe aliwashe.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani suala hili si la nadharia. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani ambazo bado ni nzima. Linux Mint inaweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Lugha nayo ina nafasi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kumlipa mtu kibali.

Kikwazo kipo kwenye programu za mahasibu. Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na sura inayofanana haitoshi kuiendesha. Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, Mint iwashwe kutoka kwenye flashi kwa siku moja, karani afungue daftari la mauzo, na printa ijaribiwe kwa ankara halisi.